Mtikisiko Sugu wa Pikapu: Hesabu Itangulie Spana

Katika Barabara ya Kilwa, pikapu zilizochakaa kwa umri hupita Mbagala kuelekea Temeke zikiwa zimebeba mihogo, nazi na mkaa. Nyingine hutoka Bunju na Tegeta, upande wa Kinondoni. Wenye magari hayo wanaujua ugonjwa huu: kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari limetulia, lakini likifika 80 hutetemeka sakafu nzima. Mwenye gari hununua tairi mpya, mtikisiko haukomi. Hubadilisha shokomzoba, mtikisiko uko pale pale. Fedha zimekwisha na chanzo hakijajulikana.

Makala haya yanaonyesha kwamba fizikia ya shule ya sekondari yatosha kumsaidia fundi kukijua chanzo kabla hajafungua nati hata moja.

Kila sehemu na idadi yake

Mtikisiko unaofuata mwendo wa gari hutoka katika kitu kinachozunguka. Lakini vitu hivyo havizunguki kwa kasi moja. Tuchukue pikapu yenye tairi za kipenyo cha sentimita 70. Mzingo wa tairi ni mita 0.70 × 3.14, yaani mita 2.2. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni sawa na mita 22 kwa sekunde. Basi gurudumu huzunguka mara 22 ÷ 2.2, yaani mara 10 kwa sekunde.

Propela ni bomba la chuma lipelekalo nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu. Tuseme meno ya difu yamepangwa hata propela izunguke mara 4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Propela itazunguka mara 40 kwa sekunde. Katika gia ya nne, ambapo giaboksi haibadilishi mwendo, injini nayo huzunguka mara 40.

Hapa mwili wa binadamu ni chombo kizuri cha kupimia. Sikio huanza kusikia sauti penye mitikisiko 20 hivi kwa sekunde. Mitikisiko 10 ya gurudumu huhisiwa kwa mikono na makalio, wala haisikiki kama sauti. Mitikisiko 40 au 80 husikika kama mvumo mzito unaotoka chini ya sakafu. Kwa hiyo gari linalovuma huenda halihitaji tairi mpya.

Kwa nini mwendo mkubwa?

Wakati wa masika, tope la njia za vitongojini hugandamana ndani ya rimu. Tuseme gramu 50 za tope zimekauka umbali wa sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu. Penye mizunguko 10 kwa sekunde, tope hilo huvuta ekseli kwa kani ya newtoni 40 hivi, kama uzito wa kilo 4, na mwelekeo wa kani hiyo huzunguka pamoja na gurudumu. Kani hukua kwa mraba wa kasi: kwa kilomita 40 kwa saa ingekuwa newtoni 10 tu.

Tena kila bodi na springi zake zina mtikisiko wake wa asili, kama bembea. Anayeisukuma bembea kwa wakati wake huirusha juu kwa nguvu ndogo. Gari likifikia mwendo unaolingana na mtikisiko huo wa asili, kosa dogo huonekana kubwa.

Siri ya krosi

Propela huunganishwa kwa krosi, kiungo chenye umbo la msalaba. Katika nchi nyingi kiungo hiki huitwa kwa jina la Mwitaliano Girolamo Cardano (1501–1576); Mwingereza Robert Hooke (1635–1703) alichunguza mwendo wake. Krosi ikiwa imepinda, mzunguko unaotoka hauwi sawasawa: huharakishwa na kucheleweshwa mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10, tofauti ni kiasi cha asilimia 1.5 juu na chini. Penye mizunguko 40, tunapata mitikisiko 80 kwa sekunde.

Watengenezaji hutumia krosi mbili ili kosa la moja lifutwe na la pili. Yapo masharti mawili: pembe za krosi zote mbili zilingane, na uma zinazozishika katika ncha mbili za propela zikae katika mstari mmoja. Propela ikichomolewa penye meno na kurudishwa bila kufuata alama, sharti la pili huvunjika. Uma zikipishana kwa nyuzi 90, makosa hujumlishana badala ya kufutana. Kuongeza vyuma vya springi ili kubeba mzigo zaidi huweza kuvunja sharti la kwanza.

Hatua za uchunguzi

1. Gari likiwa limesimama, ongeza mafuta. Likitetemeka vilevile, chunguza injini na mipira inayoibeba.
2. Endesha kwa mwendo uleule wa mtikisiko, lakini kwa gia ya chini ambayo gari linamudu. Injini sasa inazunguka upesi zaidi. Mtikisiko usipobadilika, injini haina kosa.
3. Safisha rimu, kisha hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma. Mtikisiko ukihama kutoka usukani hadi kiti, kosa limo katika gurudumu.
4. Usipohama, na mvumo unasikika, kagua propela: uma, krosi, na kama bomba limepinda. Tia alama ya chaki kabla ya kufungua.

Dereva aendeshe penye barabara tupu, mwenzake asikilize. Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Wala mvumo usipuuzwe: krosi iliyolika huweza kukatika, na propela ikianguka upande wa mbele huweza kujikita barabarani na kulipindua gari na abiria wake.

Jaribio la darasani

Pindua baiskeli, funga udongo wa gramu 50 katika spoki karibu na rimu ya nyuma, kisha zungusha pedali polepole na baadaye upesi. Wanafunzi waguse fremu na kulinganisha. Kisha wafunge udongo wa uzito uleule upande wa pili, waone mtikisiko unavyotulia. Mwisho wakokotoe: pikapu yetu ikienda kilomita 60 kwa saa, propela itazunguka mara ngapi kwa sekunde?