Kabla ya kununua mota, kagua skrubu

Unataka mashine yako kuukuu ya milingi ichonge chuma kwa kompyuta? Poa. Programu kama LinuxCNC ni ya bure, hapo mfuko hautoboki. Lakini kabla hujanunua mota, zungusha gurudumu la meza kulia, kisha lirudishe kushoto. Likizunguka kidogo kabla ya meza kusonga, hiyo ndiyo plei, na itakula pesa zako.

Fundi wa jua kali huihisi mkononi, akajua namna ya kuikwepa. Mota haihisi kitu, msee! Iagize duara, utapata kitu chenye alama kila meza inapogeuza mwelekeo. Programu inaweza kufidia pengo, ila haizuii kisu kuivuta meza. Akiba yako iende kwanza kwenye skrubu za gololi. Mota utanunua baadaye.