Dawa ya magoti isije ikampandisha mzee presha!

KAMA umewahi kwenda bara kwa reli ya kati, Gulwe unaijua. Ni stesheni ya wilaya ya Mpwapwa, huko kwenye mibuyu, mtama na alizeti. Kijana wa mjini akienda kumsalimia mzee wake hakosi zawadi: sukari, majani ya chai, na vidonge vya magoti, maana mzee kashika jembe toka ujana na sasa magoti yamegoma. Hapo kwenye vidonge, mshikaji wangu, ndipo penye kasheshe.

Mzee huyo huyo ana presha na anameza dawa za hospitali. Wewe unamtupia diklofenaki ama ibuprofeni ya dukani. Baada ya muda presha inapaa, na nyumba nzima inaulizana nani kamroga. Mchawi hayupo. Mchawi ni zawadi yako!

Ikoje? Mshipa wa damu si bomba la maji. Ukuta wake una misuli: ikikaza, njia inakuwa nyembamba na presha inapanda, ikilegea, damu inapita kwa raha. Baadhi ya wajumbe wanaoiambia misuli "legea" wanatengenezwa kutokana na mafuta tunayokula.

Chukua alizeti. Mafuta yake yana asidi ya linoleiki, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Sehemu ndogo hugeuzwa kuwa asidi ya arakidoni na kuwekwa akiba kwenye kuta za seli. Ikihitajika inakatwa, na kiwanda kimoja kinaigeuza kuwa prostasaiklini, ambayo hulegeza mshipa na kuzuia damu isigande ovyo. Kiwanda kingine kinatoa vitu viitwavyo epoksi, ambavyo hufungua milango ya potasiamu kwenye msuli, nao unalegea. Wajumbe hawa hawakai: prostasaiklini huvunjika ndani ya dakika chache, hivyo lazima itengenezwe upya kila mara. Wana na ndugu mkorofi, thromboksani, ambaye kazi yake ni kukaza.

Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufunga kile kiwanda cha kwanza. Mwaka 1976 kundi lake likagundua prostasaiklini, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden Bergström na Samuelsson.

Diklofenaki na ibuprofeni nazo hufunga kiwanda hicho. Goti linatulia, sawa, lakini mishipa na figo vinakosa wajumbe wao. Figo zinabakiza chumvi na maji, presha inapanda, na dawa nyingi za presha zinapungua makali. Mzee akiwa anameza pia dawa za kukojoza maji na zile za jamii ya kaptopril, figo zinaweza kuumia kabisa.

Kwenye chakula nako kuna habari. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, uliofanyika hapa hapa Tanzania. Wanakijiji wa Ziwa Nyasa wanaokula samaki kwa wingi walikuwa na presha ya chini kuliko wenzao wanaokula mbogamboga. Mafuta ya samaki nayo huzaa wajumbe wa kulegeza mishipa. Utafiti huo peke yake haumalizi ubishi, ila reli ile ile ya Gulwe inafika Kigoma kwenye dagaa. Mbebee mzee fungu, mradi wasiwe wa chumvi nyingi.

Kuhusu magoti, kamuulizeni daktari kwanza. Mara nyingi ataanza na dawa ya kupaka, ama parasetamo kwa kipimo. Na kama mzee kaandikiwa aspirini ndogo ya moyo, usimwachishe kwa kusoma gazeti!

Safari ijayo, kabla hujafunga begi, mwulize mzee anameza dawa gani. Swali hilo halina nauli.