Ukuta Mweupe Hauko Kwenye Tyubu

Swali ni lilelile, maneno tu ndiyo hubadilika: "Nanakili picha ya chumba chenye mtu ndani, ukuta mweupe nichanganye rangi zipi? Na ngozi je?" Muulizaji keshanunua kanvasi, brashi na mafuta ya kitani. Anaamini kilichobaki ni kupewa vipimo, kama vya unga na sukari ya maandazi. Vipimo hivyo vipo na wala si siri, lakini havitamsaidia.

Ichukue ile picha ya Johannes Vermeer ya mtumishi wa jikoni akimimina maziwa, iliyochorwa mnamo 1660 hivi, ambayo sasa iko Rijksmuseum, Amsterdam. Ukuta wake umetokana na nyeupe ya risasi, udongo wa kahawia uitwao amba, na nyeusi ya mkaa. Mchanganyiko huo ulijulikana kwa wachoraji wenzake wa Uholanzi waliochora vyumba kama hivyo. Kama ungekuwa ndio ufundi wenyewe, kila mmoja wao angetuachia ukuta kama ule. Sasa tazama alivyoutumia. Kushoto, chini ya dirisha, ukuta una giza. Unazidi kung'aa kadiri unavyokwenda kulia. Ubavu wa mtumishi unaopigwa na mwanga umewekwa mbele ya ukuta uliofifia, na ubavu wenye kivuli mbele ya ukuta unaong'aa, tena hapo Vermeer akaufuatisha mwili kwa mstari mwembamba mweupe. Ile kijivu ya pembeni ukiipaka peke yake juu ya karatasi safi, hakuna atakayeiita nyeupe. Irudishe mahali pake, kila mtu ataona ukuta uliopakwa chokaa. Rangi hupewa sura na majirani zake, na majirani hao hawaandikwi kwenye kanuni yoyote ya kuchanganya.

Wapo wanaonijibu kwamba hata mafundi wa kale walikuwa na kanuni. Ni kweli. Cennino Cennini, katika kitabu chake cha miaka ya 1400 hivi, anaagiza hata kiini cha yai: la kuku wa mjini kwa uso wa kijana, la kuku wa shamba, lenye kiini chekundu zaidi, kwa uso wa mzee. Lakini hiyo ni rangi ya yai, inayokauka papo hapo, kwa hiyo fundi alilazimika kuandaa ngazi zake za rangi kabla ya kuanza. Rangi ya mafuta hukaa mbichi kwa siku kadhaa ili uilinganishe na kuirekebisha palepale kwenye kanvasi. Kuing'ang'aniza kanuni ya yai ni kuitupa faida yake kubwa kuliko zote. Wengine husema mwanafunzi lazima aanzie mahali. Naam, aanzie alipoanzia Vermeer: uchunguzi uliotangazwa na Rijksmuseum mwaka 2022 ulionyesha chini ya picha hiyo mipigo ya haraka ya rangi nyeusi, pamoja na rafu ya kutundikia magudulia na kikapu, ambavyo baadaye alivifunika. Aligawa kwanza giza na mwanga, kisha akaondoa vilivyozidi.

Basi fanya hivi. Pakua picha ya Rijksmuseum, inatolewa bure. Igeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Paka kanvasi kahawia nyepesi, iache ikauke. Finya macho, weka vivuli vyote kwa amba iliyolainishwa kwa tapentaini. Rangi tano zinatosha kujifunzia: nyeupe ya titani (ya risasi ni sumu), manjano ya udongo, nyekundu, amba, na buluu nzito. Toboa tundu kwenye kadi ulinganishe sehemu mbili mbili. Tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu, la sivyo rangi itapasuka. Mafuta ya nazi hayakauki; yaache jikoni. Uso na mikono ya mtumishi usiviguse mpaka ukuta umekaa sawa; ngozi yake utaipata kwa rangi hizohizo tano.