Ugonjwa wa sukari si wa matajiri tu

Wandugu wakulima, huku Nzilo wengi wanasemaka ugonjwa wa sukari ni wa wakubwa wa Kolwezi, wale wenye tumbo. Si kweli. Duniani, wagonjwa zaidi ya 4 kwa 5 wanaishi katika inchi zenye mapato madogo au ya katikati.

Umaskini unaingia mwilini namna gani? Franka zikipunguka, tunakula cha kushibisha: bukari kubwa, mboga kidogo, chai yenye sukari mingi. Tena njaa inaacha alama. Kule Uholanzi, watoto waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya 1944–1945, walipofika karibu miaka 50, miili yao ilishindwa zaidi kutumia sukari vizuri. Kwa hiyo, miezi ya kungojea mavuno, mama mwenye mimba ahesabiwe kwanza. Mwisho, kupimwa ni feza na safari. Afrika, wagonjwa karibu 7 kwa 10 hawajui kama wanaugua.

Bila dawa, sukari inaharibu macho, figo na miguu. Mutu wa miaka 50 anakuwa muzee, jembe linamushinda, na jamaa inaweza kuuza hata shamba.

Kiu isiyoisha, kukojoa kila saa, kukonda, kidonda kisichopona: musingoje mavuno, muende kupimwa. Tunashauri kila koperative itenge feza za kupimisha wazee. Na mbele ya kuuza yote, mubakize maharagi, karanga na lengalenga za nyumbani.