Dawa ya watoto iliyouzwa miaka mingi bila kutaja mofini

KATIKA karne ya 19, mama wa Marekani aliyesumbuliwa na kilio cha mtoto anayeota meno hakuhitaji cheti cha daktari. Kwa senti 25 aliweza kununua dukani chupa ya Mrs. Winslow's Soothing Syrup, akampa mwanawe kijiko kimoja, na kilio kikakoma.

Jambo ambalo mama huyo hakuelezwa ni kwamba dawa hiyo ilikuwa na mofini, inayotokana na afyuni, ikiwa imechanganywa na kileo.

Dawa hiyo iliingizwa sokoni mwaka 1849 na Jeremiah Curtis na mshirika wake, Benjamin Perkins, wa mji wa Bangor, jimbo la Maine. Jina lake lilitokana na mama mkwe wa Curtis, Charlotte Winslow, aliyekuwa muuguzi. Wanunuzi waliambiwa kuwa hiyo ni dawa ya mwanamke mwenye uzoefu wa kulea watoto, si bidhaa ya wafanyabiashara wawili.

Wakati huo mofini haikuwa kitu cha kificho. Mwanakemia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, aliitenga kutoka katika afyuni mwanzoni mwa karne hiyo, na kampuni ya Merck ilianza kuiuza mwaka 1827. Madaktari waliitumia kutibu maumivu, kikohozi na kuhara.

Picha badala ya maelezo

Tofauti ilikuwa katika namna ya kuitangaza. Kampuni ilichapisha matangazo magazetini na kugawa kalenda, vitabu vya mapishi na kadi za rangi. Picha zilionyesha mama mwenye tabasamu akiwa na mtoto mwenye afya njema. Kilichomo ndani ya chupa hakikutajwa.

Mwaka 1868, katika maelezo yaliyotolewa mahakamani, Curtis alisema kuwa zaidi ya chupa milioni 1.5 zilikuwa zikiuzwa kila mwaka.

Siri ya mauzo hayo ni kwamba dawa ilifanya kazi kweli. Mofini huondoa maumivu, huleta usingizi na hupunguza mwendo wa matumbo, hivyo kuzuia kuhara. Lakini pia hupunguza kasi ya kupumua. Kila wakia moja ya dawa hiyo, yaani takriban mililita 30, ilikuwa na miligramu 65 za mofini. Mtoto mchanga aliyezidishiwa aliweza kulala asiamke tena.

Aidha, mwili uliokwisha kuizoea mofini hutaabika inapokosekana. Mtoto wa namna hiyo alilia zaidi, na mama akarudi dukani kununua chupa nyingine.

Sheria ya lebo

Mwaka 1905, mwandishi Samuel Hopkins Adams alichapisha katika jarida la Collier's mfululizo wa makala uliofichua udanganyifu wa biashara ya dawa za aina hiyo. Juni 30, 1906, Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya vyakula na dawa.

Sheria hiyo haikupiga marufuku mofini. Iliagiza tu kwamba mofini, afyuni, kileo na vitu vingine vya hatari vitajwe kwenye lebo. Mwaka 1911, Chama cha Madaktari cha Marekani kiliiweka dawa hiyo katika orodha ya dawa zinazoua watoto. Baadaye mofini iliondolewa, ingawa chupa zenye jina la Winslow ziliendelea kuuzwa hadi mwaka 1930.

Hata hivyo, mbinu ya kusifu nafuu na kunyamazia hatari haikufa. Mwaka 2007, kampuni ya Purdue Frederick ya Marekani ilikiri mahakamani kwamba iliitangaza OxyContin, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, kwa njia ya kupotosha kuhusu hatari ya uraibu. Safari hii jina la dawa lilikuwa kwenye lebo. Kilichopotoshwa ni madhara yake.