Wauguzi wa Jinja na Mbale: Kwa nini mafunzo hayaishii chuoni

Mtoto mwenye malaria kali anapofikishwa Nalufenya, kitengo cha watoto cha Hospitali ya Rufaa ya Jinja, mara nyingi wa kwanza kumtazama si daktari bali muuguzi. Yeye ndiye huamua nani atangulie na nani asubiri. Kwa kuwa watoto wengi wanaofia hospitalini hufariki ndani ya saa 24 za kwanza, uamuzi huo ni wa uhai na mauti.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mafunzo ya kuwapanga watoto kwa uzito wa hali zao. Muuguzi hukagua kwa mpangilio: Je, njia ya hewa i wazi? Mtoto anapumua kwa taabu? Mikono ni baridi na mapigo ni dhaifu? Ana degedege, au hana fahamu? Ameishiwa maji kwa kuharisha? Dalili moja ya hatari yatosha kumtoa kwenye foleni. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, utaratibu wa namna hiyo, pamoja na kupangwa upya kwa idara ya watoto, ulipunguza vifo vya waliolazwa kutoka asilimia 10 hadi 18 na kufikia asilimia 6 hadi 8.

Hata hivyo, elimu ya tiba hubadilika. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vyema, aongezewe maji ya mshipa kwa kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ulioshirikisha watoto zaidi ya 3,100 katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, ikiwemo ya Mbale, ulionyesha kinyume. Kati ya kila 100 waliopewa maji hayo, zaidi ya 10 walifariki ndani ya saa 48. Miongoni mwa wasiopewa, takriban 7. Mwaka 2016 WHO ilirekebisha mwongozo wake.

Hivyo muuguzi aliyehitimu zamani hana budi kujifunza upya. Semina ya siku chache huacha cheti; ujuzi hudumishwa na mazoezi wodini, mwenzake mzoefu kando yake, na vikao vya kuchambua vifo pasipo kusaka wa kulaumiwa. Kumfundisha kumtambua mtoto anayekosa hewa, kisha kumwacha peke yake zamu ya usiku bila oksijeni, ni kumtwika huzuni tu.

Mzazi naye, aonapo degedege, kuzimia au pumzi ya shida, asingoje foleni. Amwite muuguzi papo hapo.