Bakteria watia nguo rangi: Je, wasusi wa Taita Taveta watanufaika?

KATIKA vijiji vilivyo chini ya Mlima Kasigau, kaunti ya Taita Taveta, kazi ya kutia mkonge rangi huanza kwa kuni. Sufuria ya maji huinjikwa mekoni, rangi hukorogwa humo na nyuzi huchemshwa hadi zikolee. Kisha akina mama huzisuka vikapu vinavyouzwa hadi ng'ambo.

Kuni na maji hayapatikani kwa urahisi katika nyika hiyo iliyo baina ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ndiyo maana mbinu ya kutia nguo rangi kwa bakteria, inayoendelezwa Ulaya, yafaa kutazamwa kwa makini mjini Voi na viungani mwake.

Tangu Mwingereza William Perkin alipogundua rangi ya zambarau itokanayo na lami ya makaa ya mawe mwaka 1856, rangi nyingi za viwandani zimekuwa za kemikali. Lakini wapo bakteria wanaojitengenezea rangi. Streptomyces coelicolor, aishiye udongoni, hutoa samawati inayogeuka nyekundu ikikutana na asidi. Janthinobacterium lividum hutoa zambarau, naye Serratia marcescens hutoa nyekundu.

Bakteria hao hulishwa sukari na virutubisho vingine katika chombo safi, wakaachwa siku kadhaa wazaane katika joto la kadiri. Rangi yao hukamuliwa, au kitambaa huwekwa pamoja nao wakakipaka wenyewe. Mwishowe huuawa kwa joto na kitambaa kuoshwa.

Mbunifu Natsai Audrey Chieza, mzaliwa wa Zimbabwe, ametia hariri rangi kwa njia hiyo jijini London. Kampuni ya Colorifix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2016, hupandikiza ndani ya bakteria jeni za rangi kutoka kwa viumbe wengine.

Hata hivyo, vikwazo vipo. Kwanza, rangi kadhaa za bakteria hushika hariri na sufu vyema kuliko pamba, na mkonge una asili moja na pamba. Pili, baadhi hupauka upesi juani. Tatu ni usalama: Serratia huweza kuwaambukiza wagonjwa hospitalini, na vyombo vya kukuzia bakteria husafishwa kwa mvuke wa nyuzi 121. Hiyo si kazi ya sufuria ya nyumbani.

Njia iliyo salama kwa msusi ni kununua rangi iliyokwisha kukamuliwa na kupimwa maabara. Kaunti hiyo ina chuo kikuu chake, na mkonge hulimwa kwa wingi Mwatate. Majaribio yanaweza kufanywa papo hapo.

Kwa msusi wa Kasigau, maswali yatabaki yale yale: rangi itadumu kwenye mkonge, itapunguza mzigo wa kuni, na bei yake itamwachia faida? Hadi yajibiwe, sufuria itaendelea kuchemka.